Lori la Safari za Familia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo alinipa mada tatu nichague: utumishi wa umma, maadili ya vijana, au maendeleo ya shule. Nilimjibu kwamba juu ya utumishi wa umma nimekwisha andika madokezo ya kutosha, na juu ya maadili ya vijana wapo humu watu wanaokumbuka yangu, kwa hiyo ni afadhali ninyamaze. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya lile lori ambalo nusu yenu mmekuwa mkilizunguka tangu asubuhi mkichungulia madirishani. Akakubali, kwa sharti kwamba nisizidishe dakika ishirini.

Lori lenyewe ni Mitsubishi Canter ya tani mbili, yenye kebini ya milango minne, na nyuma, mahali pa kubebea mizigo, tumejenga chumba cha kulala watu. Wengi mmeniuliza kama nimeanza biashara ya kuuza chipsi. Sivyo. Hilo ni gari la kutupeleka nyumbani.

Nyumbani kwetu ni mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay. Kazi yangu iko Dodoma tangu wizara yetu ilipohamia huko. Kutoka Dodoma mpaka ziwani, kwa kupitia Mtera, Iringa, Makambako, Njombe, Songea na Mbinga, ni yapata kilometa 900. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo ni jambo la kuchoka tu. Lakini sisi tunao watoto watatu, na wa pili, kijana wa miaka kumi na mmoja sasa, alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao mtaani tunauita siko seli. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi sana wanaozaliwa nao, na bila shaka wamo humu wanaojua ninachosema. Mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huweza kuwa wazima kabisa, kama tulivyo mimi na mama watoto. Chembe nyekundu za damu hugeuka umbo zikawa kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Yanayoyachochea yanajulikana: upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu, homa, na hata kupanda nyanda za juu sana. Sasa tazameni njia ile ya kwetu. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyetaka kubuni safari ya kumtesa mtoto wa siko seli asingehitaji kuibadili sana.

Desemba 2018 tulisafiri kwa basi. Sitalitaja, maana si desturi nzuri kusema watu wasiokuwapo. Kijana alikuwa anakunywa maji mengi kama daktari alivyoagiza, na mtoto anayekunywa maji mengi hana budi kushuka mara kwa mara. Konda alisimamisha gari mara mbili, mara ya tatu akakataa, na abiria wengine wakamuunga mkono kwa sababu walikuwa wanachelewa. Kijana akaacha kunywa. Hakuna aliyemwambia aache. Aliona haya, akafunga kinywa. Kabla ya Songea miguu ilianza kumuuma, na sikukuu ile tuliila wodini Songea. Tukarudi Dodoma bila kufika ziwani. Mama yangu mzazi, ambaye hawezi tena safari ndefu, alikuwa amemwona mjukuu wake huyo mara moja tu, akiwa bado anabebwa mgongoni.

Basi tulikaa, mama watoto na mimi, tukafanya hesabu. Yeye ni mwalimu wa hisabati, na nyumbani kwetu daftari la fedha ni lake. Tulikuwa na akiba ya kununua kiwanja Dodoma. Mnajua vishawishi vya kiwanja kwa mtumishi wa serikali. Anaweza kula mihogo miaka mitano kwa ajili ya mita za mraba mia sita. Fedha ile, pamoja na mkopo wa SACCOS yetu, ingetosha gari. Mkopo nao una mpaka wake, kwa kuwa makato hayatakiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja sharti ibaki. Mama watoto alipiga mstari chini ya jumla akasema, "Kiwanja kitangoja. Mama hatangoja." Shauri likaisha hapo.

Swali la pili lilikuwa ni gari gani. Wenzangu ofisini walipendekeza gari dogo la kawaida na kulala nyumba za wageni. Ni ushauri wa busara kwa mtu mwenye watoto wazima. Sisi tulitaka mahali ambapo mtoto akianza kuumwa, popote barabarani, anaweza kulala amenyooka na kufunikwa blanketi mnamo dakika kumi, maji ya moto yakiwa karibu na choo kikiwa hatua mbili. Pikapu ya kebini mbili ina nguvu na ina sifa, lakini sehemu yake ya nyuma ina urefu wa mita moja na nusu tu, na mimi sina nia ya kukatwa miguu. Hema la kufungwa juu ya paa hupandwa kwa ngazi, na mtoto anayeumwa nyonga hapandi ngazi. Canter ina sura ya kimaskini, nakubali. Lakini kati ya Dodoma na ziwa hakuna mji wenye fundi asiyeijua, na vipuri vyake vinauzwa hata pale ambapo panadol ni ya kutafuta.

Tuliinunua Japani mwaka 2021 kwa kupitia kampuni ya wauzaji, na kwa kuwa wengi wenu mtafanya hivyo siku moja, nitakaa hapo kidogo. Kwanza, kabla hujaagiza, ingia kwenye kikokotoo cha TRA ujue kodi zote. Mamlaka hukadiria thamani yake yenyewe, na ukisema gari umelipata kwa bei ya kutupa, utatoa kodi ya bei isiyokuwa ya kutupa. Pili, omba picha za chini ya gari. Kaskazini mwa Japani theluji huanguka sana, nao humwaga chumvi barabarani ili iyeyuke. Chumvi hiyo hula chasisi kimyakimya huku rangi ya juu inang'aa. Tatu, usiiamini mita peke yake. Tulionyeshwa gari moja ambalo mita ilisoma kilometa 68,000. Nikaomba picha ya pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika mpaka chuma kinaonekana. Niliwaandikia kwa heshima kwamba dereva huyo lazima alikuwa na miguu ya tembo, wakaacha kunijibu. Gari tulilonunua lilikuwa na mita kubwa zaidi na pedali yenye umri uleule. Gari la namna hiyo unaweza kuzungumza nalo.

Sasa ujenzi. Niliwakumbuka sana walimu wetu wa karakana, walioturudisha kusugua tupa mpaka kona iwe nyuzi 90 kamili. Kabla ya kununua hata riveti moja tuliandika uzito wa kila kitu. Bodi yenyewe, yaani fremu ya mabomba ya mraba, bati la alumini nje, plaiwudi ndani, na ubao mwepesi wa povu katikati wa kuzuia baridi na joto, ni kilo 450. Vitanda, magodoro na kabati, kilo 120. Maji lita 100, ambayo ni kilo 100, maana maji hayana ujanja, lita ni kilo. Betri, paneli ya jua na gesi, kilo 60. Mizigo ya watu, kilo 100. Jumla kilo 830, nalo gari limeundwa kubeba tani mbili. Maji tuliyaweka mbele ya ekseli ya nyuma, chini kabisa, ili gari lisiyumbe kwenye kona na mkia usivute kwenda chini.

Chumba kina urefu wa mita 3.1, upana mita 1.7, na mimi nasimama ndani bila kuvua kofia. Upande wa mbele kuna kitanda cha futi nne kwa sita, na juu yake kingine cha kipimo hicho hicho. Chini hulala mama na kijana wetu, juu hulala wasichana wawili. Mita moja na kidogo inayobaki karibu na mlango wa nyuma ni jiko upande mmoja, na upande mwingine kabati na ndoo yenye mfuniko nyuma ya pazia. Mimi mwenyewe hulala kwenye kiti cha nyuma cha kebini, nimekunja magoti, kama utingo. Nimezoea. Aidha, wakati gari linatembea hakuna mtu anayekaa chumbani. Wote tuko kebini, tumefunga mikanda. Kijana ana sponji nene chini yake, kwa sababu springi za lori la tani mbili lenye mzigo mdogo hurusha watu. Fundi mmoja alitaka kuzipunguza. Nilimkatalia. Springi ndizo zinazobeba nyumba.

Jambo ambalo nawaomba mlisikilize kwa makini ni hewa na moto. Fundi aliyejenga bodi yetu alikuwa hodari wa kuchomelea, lakini mtungi wa gesi aliuweka chini ya kitanda, kwenye boksi lililofungwa pande zote, akajisifu kwamba hauonekani. Mama watoto aliuona siku ile ile akauamuru utoke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani. Hushuka, ikatulia sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Sasa mtungi uko nje kwenye kisanduku chake, chenye tundu chini, na sakafu ya chumba nayo ina matundu mawili yenye wavu ambayo hayazibwi hata kwa baridi gani. Juu ya paa kuna tundu lingine lenye feni. Na jiko la mkaa haliingii ndani kabisa, hata likiwa linazimika, hata usiku mmoja. Moshi wake usioonekana, kaboni monoksidi, hauna harufu. Mtu husinzia tu. Mtoto ambaye damu yake tayari ina shida ya kubeba hewa, huyo ndiye wa kwanza kupotea.

Kwa habari ya umeme, Canter ina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Wapo wanaochomeka taa za chumba kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hizo huacha kulingana, na baada ya miezi michache zote mbili zimekufa. Sisi chumba kina betri yake ya volti 12, saa-ampea 100, inayojazwa na paneli ya wati 100 juu ya paa. Hesabu ya mama watoto ni hii: feni ya wati 15 kwa saa nane ni 120, taa mbili za wati tano kwa saa nne ni 40, simu na pampu ndogo ya maji 60. Jumla wati-saa 220 kwa usiku. Betri ina 1,200, lakini betri ya risasi haifai kushushwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tuna 600. Mawingu ya siku mbili hayatutishi.

Ukibadili bodi usisahau karatasi. Kadi ya gari ilingane na gari lenyewe, na bima waambiwe, kwa sababu siku ya ajali watakuwa na macho mazuri sana. Gari letu limezidi tani 3.5 kwa uzito wake wote, kwa hiyo mwendo wetu hauvuki kilometa 80 kwa saa, na kwenye mizani tunaingia kama malori mengine. Mara ya kwanza afisa wa mizani alifungua mlango wa nyuma akakuta binti yangu mdogo anamenya kitunguu. Aliufunga taratibu, akatuambia tupite.

Safari ya kwanza ilikuwa Desemba 2021. Hatukuchagua Juni, ingawa ni likizo pia, kwa kuwa Juni na Julai baridi ya Njombe ni kali mno. Tuliondoka Dodoma Ijumaa baada ya kazi, tukalala Mtera. Mtera iko chini, mita 700 hivi, kuna joto, kuna samaki, na kuna mbu ambao walitufanya tushukuru kila tundu la wavu tulilolilipia. Mpango ulikuwa kulala penye joto, kisha kuzivuka nyanda za juu mchana, bila kulala huko. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa njiani. Kila saa moja na nusu tunasimama, kijana anakunywa, anashuka, anatembea. Hapana aliyekuwa akimtazama saa.

Njombe watu walitusimamisha mara tatu wakitaka tuwapakilie viazi. Mmoja hakuamini nilipomwambia gari limejaa, alizunguka nyuma akaona mapazia, akasema, "Samahani mzee, sikujua kuna msiba." Alidhani tunasafirisha marehemu.

Kilometa arobaini hivi baada ya Njombe, kijana alisema magoti yanamuuma. Nataka niwaeleze wazi yaliyofuata, kwa sababu ndiyo sababu ya gari lote. Niliegesha penye nafasi mbali na barabara. Mama yake alimpeleka kitandani, akamfunika, akampa maji ya uvuguvugu na dawa ya maumivu kwa kipimo alichoandika daktari. Tuna karatasi ya daktari imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: homa, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, kichwa kuuma sana, kimojawapo kikitokea hakuna kungoja, ni hospitali. Alipimwa joto. Hakuwa na homa. Akapimwa tena baada ya nusu saa. Wasichana nikawakaza na kupika uji. Mimi nilibaki nje naangalia tairi ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Njombe ilikuwa nyuma mwendo wa saa moja, na tulikubaliana kwamba ikifika saa tisa bila nafuu tunageuza.

Saa nane na dakika ishirini alisema ana njaa. Akala uji bakuli mbili. Tukangoja saa moja zaidi, kisha tukaendelea taratibu, tukaingia Songea usiku. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, tulikuwa tunateremka kutoka Mbinga kwenda ziwani, lami yote, kona baada ya kona, na joto likiongezeka kila kilometa mpaka kijana akavua sweta mwenyewe.

Mama yangu alikuwa uani anaanika dagaa. Alilitazama lori, akanitazama mimi nikishuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Serikali imekufukuza, sasa unasomba mahindi?"

Ndipo kijana aliposhuka. Nilikuwa nimewaza siku nyingi nini kitasemwa saa ile, lakini mama yangu alimwuliza tu kama anakula samaki mwenye miiba, naye akasema anakula, wakaenda zao jikoni. Walikaa pamoja siku kumi na tisa. Tumekwenda mara tatu tangu hapo. Mwaka jana alipata maumivu huko huko kwa bibi, akapelekwa hospitali kwa gari hilo hilo, amelala kitandani kwake huku limesimama na kwenye kiti chake likitembea, akakaa wodini siku nne. Gari haliponyi ugonjwa. Dawa zake anakunywa kila siku, haidroksiyurea na foliki asidi, na kliniki hakosi.

Gharama mtaniuliza, maana nawajua. Dizeli lita moja hutupeleka kilometa nane hivi, kwa hiyo kwenda tu ni lita 112 au 113. Nauli za watu watano kwa basi ni nafuu kuliko hiyo, na anayewaambia kwamba gari la namna hii huokoa fedha anawauzia gari. Mkopo umebaki miezi kumi na minne. Kiwanja hatujanunua, na bei yake tangu wakati ule sipendi kuitaja mbele ya mama watoto, ambaye ameketi pale karibu na mlango.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anaitazama saa yake. Lori liko chini ya mwembe, mlango wa nyuma uko wazi. Watakaotaka kuona waingie watatu watatu, wavue viatu, na kitanda cha juu wasikipande wenye zaidi ya kilo 80. Nimeangalia ukumbini na nadhani tunaelewana. Yeyote mwenye mtoto kama wetu anione faragha baada ya chai, au amwone mama watoto, ambaye anajua zaidi. Michoro na hesabu za uzito tumezileta nakala kumi.